Mlango wa Manila

Usiku ule wa kuamkia Pasaka, mvua ilikuwa imehamia juu ya bati letu, na mimi nililala na hasira. Nasema mapema ili mjue: mimi si mtu wa ndoto. Wenzangu pale usharikani wakianza kuhadithiana nani kaota nini, mimi husema nimeacha maharage jikoni, naondoka zangu. Kwa hiyo msinitazame hivyo. Hii naisimulia kwa sababu nilitumwa, na aliyenituma ni marehemu.

Marehemu ni wifi yangu Aikande, dada yake mume wangu. Alirudi nyumbani zamani, ndoa ilipomshinda, akiwa na binti mmoja mkononi, akapewa chumba cha uani. Tuliishi naye humu humu Marangu, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la migomba walilorithi kwa baba yao, na humu ndimo alimozikwa, nyuma ya jiko, penye mimea ya masale. Wifi ndiye aliyenifundisha kutengeneza kadi. Si hizi za dukani zinazolala bapa. Yeye alikata karatasi ngumu ya manila kwa wembe, akakunja, akabandika kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe, na ukiifungua kadi kitu kinainuka: kaburi na jiwe lake pembeni, kuku na mayai yake, msalaba wenye maua. Aliziita kadi za amka. Kulikuwa pia na viboksi vya rangi rangi vya kutilia yai la kuchemsha na karanga kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Kipindi chote cha Kwaresima meza yetu ya chakula ilikuwa yake. Sisi tulikula sahani zikiwa mapajani, na aliyelalamika aliambiwa akale kanisani.

Na kila Pasaka alitengeneza moja ya kaka yake, yaani mume wangu, Baba Eliya. Hiyo haikubadilika: ni nyumba yetu hii hii, na bati lake, na migomba, na ua wa masale. Ukiifungua, nyumba inasimama, na mlango wake unasukumwa kwa kidole. Nyuma ya mlango ndiko alikoficha uchokozi wa mwaka. Mwaka mmoja aliweka ng'ombe aliyevaa tai. Mwaka mwingine alimweka Baba Eliya mwenyewe, amesinzia kanisani, mdomo wazi. Baba Eliya husema hiyo ni michezo ya watoto, halafu anausukuma ule mlango pale pale, mbele yetu sote, na kadi zote amezitunza kabatini chini ya mashuka.

Wifi alifariki kabla ya Krismasi. Binti yake, Manka, hakuja kumzika. Alikuwa Songea, akasema yuko njiani, nasi tukamsubiri, jeneza liko sebuleni, wazee wa ukoo wamekaa kwenye mabenchi, mchungaji anatazama saa. Hakutokea. Baba Eliya ndiye aliyesimama mbele za watu kumwombea radhi mtoto ambaye simu yake ilikuwa imezimwa. Jioni ile, udongo wa kaburi haujakauka viatuni mwake, akaapa kwamba Manka hatakanyaga ua huu yeye akiwa hai. Akanunua kufuli kubwa la geti, na ufunguo anatembea nao kwenye koti.

Baadaye tukaja kujua kwamba msichana alikuwa mjamzito wa kujifungua, hana mume, na aliogopa kuuonyesha ukoo tumbo lile mbele ya jeneza la mama yake. Nilipomweleza Baba Eliya, aliniuliza kwani tumbo linamzuia mtu kulia. Hata mimi niliwahi kuwaza hivyo.

Sasa, Jumamosi ile kabla ya Pasaka, Manka akanipigia simu. Alikuwa ameshafika Moshi mjini, kwa rafiki yake, na mtoto mgongoni. Akasema kesho baada ya ibada atapanda Marangu, atasimama getini. Anataka kumwonyesha mama yake mjukuu, basi, hata maji ya kunywa hataki.

"Nikikuta kufuli, mama, nitajua," akasema. "Sitasumbua tena."

Nilimfikishia mjomba wake ujumbe huo wakati wa chakula cha usiku. Nilianza kwa upole. Nikamaliza kwa kelele, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Yeye akanawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja, akasema kiapo ni kiapo, akaenda kulala. Nikabaki na kadi yake mezani. Nilijitolea kuitengeneza mwaka huu mimi, kwa sababu sikutaka Pasaka ipite bila ile nyumba. Lakini gundi haikauki wakati wa masika. Manila inavuta unyevu, inajikunja yenyewe. Nilikuwa nimekata masale ya karatasi ya kijani, nikayabandika kuzunguka ua, na nyuma ya mlango sikuweka kitu. Sikuwa na uchokozi wowote moyoni. Nikaifunga, nikaiwekea Biblia juu ili inyooke, nikaenda kulala nikiwa nimempa mgongo mume wangu.

Nikasikia mkasi.

Mkasi wa wifi ulikuwa umelegea msumari wa katikati, kwa hiyo kila ukikata uligonga mara mbili, kama mtu anayebisha hodi bila kuwa na haraka. Ndio huo. Nikainuka, nikaenda sebuleni, na sebuleni ni mchana. Jua limeingia mpaka chini ya meza. Wifi amekaa mahali pake, amevaa lile gauni la bluu tulilomzika nalo, vipande vya manila vimemzunguka miguuni. Anakata. Hanitazami. Mtu ambaye hakuwahi kunipita bila kunichokoza, leo hanisalimu. Nilijua kabisa kwamba amekufa. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo na jambo hilo. Nilichokuwa sikijui ni amefuata nini.

Akaweka mkasi chini. Akaivuta kadi ya kaka yake kutoka chini ya Biblia, akaifungua, nyumba ikasimama. Akausukuma mlango kwa kidole, kama afanyavyo Baba Eliya. Mlango haukuenda. Akausukuma tena.

"Umegundisha mlango," akasema.

Nikaanza kujieleza. Nikasema ni mvua, nikasema gundi ilikuwa nyepesi, unga wenyewe ulikuwa wa kuazima, na kaka yake alikuwa amenivuruga akili. Naongea na naongea, na yeye anausukuma tu mlango ule kwa kidole, na kila akisukuma nyumba nzima inatetemeka.

"Nyuma yake kuna nini?"

Nikasema hakuna. Neno lilipotoka tu, jua likaondoka chini ya meza.

Sijui niliingiaje. Nakumbuka wifi anaifungua kadi zaidi, kurasa zake zinafika mpaka ukutani, na mara niko ndani. Kuta ni za manila. Ninaiona mistari ya penseli niliyosahau kufuta. Kunanuka ngano. Chini ya miguu yangu kuna mkunjo, ule mkunjo wa katikati ya kadi, mrefu kutoka ukuta mpaka ukuta, na kila nikisogea unanesa. Mvua inaanza nje, ninaisikia ikipiga karatasi, na doa la maji linatokea ukutani, linapanuka.

Kisha mtoto analia.

Analia nje, upande wa mlango. Sijawahi kumwona mtoto yule wala kuisikia sauti yake, lakini najua ni nani. Ni kilio cha mtoto mchanga aliyelowa. Nikaukimbilia mlango, nikausukuma kwa mikono miwili, nikausukuma kwa bega. Umeshika. Naiona gundi yangu mwenyewe pembeni mwake, imekauka vizuri kabisa, ile iliyokataa kukauka kutwa nzima. Nikaanza kuichimba kwa kucha.

Ndipo paa likaanza kushuka.

Halikuanguka. Lilishuka polepole, na kuta zikawa zinalala, na mkunjo chini yangu ukawa unajikaza. Mtu alikuwa anaifunga kadi. Nikasikia kikohozi upande wa pili, kikohozi cha asubuhi cha Baba Eliya, na nikaelewa kwamba anaipeleka kabatini, chini ya mashuka, pamoja na zile nyingine. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo simwiti hata tukigombana. Sauti ikatoka bapa, kama imekunjwa. Hakusikia.

Nageuka, wifi yuko ndani pamoja nami. Amechuchumaa penye mkunjo, anayabandua masale yangu ya karatasi moja moja kwenye ua, anayapanga chini. Ametulia kabisa. Utulivu wake uliniudhi kuliko kitu chochote. Nikampigia kelele. Nikamwambia huyo anayetufunga ni kaka yake, huyo anayelowa nje ni mjukuu wake, kwa nini asiseme naye. Niliogopa, na mimi nikiogopa ninagomba.

Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa macho yake yale yale, isipokuwa yamechoka.

"Mimi kwake sina mdomo tena," akasema. Kisha akanionyesha jani moja la karatasi. "Haya uliyabandika ya nini?"

Nikasema ni masale, ya kupamba ua.

"Isale lisilo na fundo ni pambo."

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa ajili ya wale ambao si wa huku mlimani. Isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu akikukosea, hata awe amekukosea vipi, akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, au akamtuma mtu alilete, amekuomba msamaha, na wewe huwezi kulirudisha. Unaweza kununa. Unaweza kulia. Kulirudisha huwezi, hata kama ulikuwa umeapa. Babu zetu walisuluhisha ugomvi wa damu kwa jani hilo. Mimi nimezaliwa na jambo hili, nimelelewa nalo, na nilikuwa nimekaa mezani kutwa nzima nakata masale kwa mkasi, nayabandika wima, moja baada ya jingine, na kichwani mwangu hakukupita kitu.

Wifi akalichukua jani lile la karatasi, akalipinda, akalipitisha, akalikaza. Fundo likakaa. Na fundo lilipokaa, karatasi haikuwa karatasi tena. Ni jani bichi, lina mstari wa njano ukingoni, linachuruzika maji. Akaninyooshea.

Paa lilikuwa limenifikia kwenye nywele. Nimepiga magoti. Mtoto nje amepunguza kulia, na huko kupungua ndiko kulikonitisha zaidi, maana mtoto hanyamazi kwenye mvua kwa kuridhika. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono tu. Lakini mama yangu mzazi alinifunza tangu mdogo: marehemu akikupa chakula ndotoni usile, akikuita usimfuate, akikupa kitu mkononi usipokee, ukipokea umekubali kwenda naye. Nami nina watoto. Nikaificha mikono nyuma, nikaishikanisha.

Wifi akangoja. Jani linadondosha maji juu ya mkunjo. Ananitazama, ninamtazama, na paa linatusukuma vichwa vikaribiane, mpaka naona ile alama ya wembe kwenye kidole chake cha shahada, ya mwaka ule alipotengeneza ng'ombe wa tai. Nilimpenda sana wifi yangu. Nilitaka kumwambia hivyo, na bado mikono yangu haikutoka nyuma.

Akacheka. Kicheko chake kile cha puani.

"Hujaacha uoga wako, mke wa kaka yangu," akasema. "Basi sikupi. Lipo kichwani pangu, kakate mwenyewe. Mwanangu hajui kuomba. Namwombea mimi."

Paa likatufunika. Kukawa giza la ndani ya kitabu, na katikati ya giza lile nikasikia mkasi unagonga, mara mbili, karibu kabisa na sikio langu.

Nikaamka nimeshika shuka kwa mikono yote miwili.

Kulikuwa kunapambazuka. Mvua imebaki matone ya kwenye migomba. Baba Eliya hayupo kitandani, namsikia anajimwagia maji bafuni. Nikaenda sebuleni kwa kunyata, nyumba yangu mwenyewe, nanyata kama mwizi. Mezani hakuna jani. Hakuna mkasi. Kuna Biblia, na chini yake kadi. Nikaifungua, nyumba ikasimama, nikausukuma mlango kwa kidole, nao ukagoma. Gundi ilikuwa imefurika mpaka ukingoni, imekauka ngumu. Hapo nikakaa kwanza.

Kisha nikajitanda kanga, nikachukua wembe, nikatoka kwa mlango wa jikoni. Kaburi la wifi lilikuwa limelowa, na masale tuliyopanda kichwani pake yameshika vizuri, yameanza kutoa majani mapya. Nikamwomba ruhusa kwa sauti. Nikakata moja jembamba. Nikalifunga, fundo la kwanza likafunguka, la pili likakaa.

Mlango niliufungua kwa wembe ule ule. Manila ilichanika kidogo pembeni, ikabaki na jeraha jeupe, nikaiacha hivyo. Nikalikunja jani pamoja na mkunjo wa nyumba, lipate kuinuka nayo, nikalificha nyuma ya mlango.

Baba Eliya alikuwa amekaa kitandani, ameshavaa suruali ya suti na tai, anavaa viatu. Nikamwekea chai kwenye stuli. Nikamtakia Pasaka njema, nikampa kadi. Hakudhani nitampa kadi baada ya zile kelele za jana. Akasema michezo ya watoto. Akaifungua. Nyumba ikasimama. Akausukuma mlango kwa kidole.

Mkono wake ukabaki pale pale hewani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, na la kwanza na la mwisho. Hayakuhitajika. Alilitoa jani taratibu, akaligusa fundo kwa kidole gumba, akaligeuza upande wa pili kana kwamba huko kumeandikwa kitu. Kengele ya kwanza ya kanisani ikalia, naye hakuinua kichwa.

"Nani kalileta?" akauliza.

"Dada yako. Limekatwa kichwani pake."

Angeweza kuniuliza marehemu analetaje jani. Angeweza kusema nimelifunga mimi, na ni kweli nililifunga mimi. Alinitazama tu, na mimi sikuyakwepa macho yake, kwa sababu sikuwa nimedanganya. Halafu mume wangu akalia. Tangu anioe sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika huyo dada yake hakulia, alisimama kama nguzo. Sasa amekaa na kiatu kimoja mguuni, jani la isale mapajani, analia kwa sauti, na mimi nimesimama na birika mkononi nalia pia.

Alipomaliza alijifuta uso kwa ile tai ya ibada. Akaliendea koti lake ukutani, akatafuta mfukoni, akauweka ufunguo juu ya kadi, mbele ya mlango wa manila. Akakaa tena, akatafuta kiatu cha pili kwa mguu, bila kuniangalia.

"Mwambie Manka amvike mtoto soksi," akasema. "Huku kuna baridi."